Mlima, Hali ya Hewa na Daftari la Chama
Somo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi



Katika masomo yetu tumezoea kuzungumza juu ya daftari la fedha, stakabadhi, mizani na mikutano. Huenda baadhi yenu mtashangaa kuona leo Mkaguzi anawaletea somo la jiografia, ambalo wengi tulidhani tumeliacha shuleni pamoja na kaptula zetu. Lakini nawaombeni mvumilie mpaka mwisho, kwani sisi wa ushirika wa milimani hatuwezi kuendesha chama vema iwapo hatuujui mlima tunaoukalia. Mlima ndio huamua ni lini kahawa iive, itakauka kwa siku ngapi, itapatwa na ugonjwa gani, na hata kilo ngapi zitaonekana kwenye mizani huko kiwandani. Nitaanza na kisa kilichonipata mimi mwenyewe katika kazi.

1. Kisa cha kilo 236

Miaka kumi na zaidi iliyopita nilitumwa kukagua vyama viwili katika mteremko wa kusini wa Mlima Kilimanjaro. Kimoja kilikuwa chini, karibu na mpaka wa nyika. Cha pili kilikuwa juu, jirani na msitu. Chama cha chini kilikuwa safi: kilo zilizopokelewa kwa wanachama na kilo zilizopimwa kiwandani zilikaribiana sana. Chama cha juu kilikuwa na kasoro. Daftari la mapokezi lilionyesha kilo 7,400 za kahawa ya ngozi, yaani ile iliyokwisha kumenywa, kuoshwa na kukaushwa ingali na ngozi yake nyembamba. Hati ya kiwanda ilionyesha kilo 7,164. Zilikosekana kilo 236.

Nilikaa ofisini, nikapiga hesabu, nikaandika taarifa. Niliandika kwamba upungufu huo hauna maelezo, na kwamba chama cha jirani chenye mizani ya aina ile ile hakikuwa na upungufu wa namna hiyo. Kamati ikafuata taarifa yangu. Katibu akasimamishwa kazi na kutakiwa kulipa. Alikuwa mtu mkimya, hakujua aeleze nini, alirudia tu kusema, “Ndugu Mkaguzi, kila gunia nimelipima mwenyewe.” Baada ya muda nikasikia ameuza ng’ombe wake ili aanze kulipa.

Mwezi wa Novemba uliofuata nilirudi huko kwa kazi nyingine. Mvua ilinyesha, gari likakwama, nikalala kwa mzee mmoja mjumbe wa kamati. Jioni nilifua shati langu nikalianika barazani, chini ya paa. Asubuhi lilikuwa bichi. Adhuhuri lilikuwa bichi. Mzee akanitazama, akasema, “Mkaguzi, wewe uliwahi kulala huku kwetu kabla ya kuandika ile barua yako?” Sikuwa na jibu. Mjini Moshi shati lile lingekauka kwa nusu siku.

Nilipopata usafiri niliazima kipima unyevu, nikarudi ghalani mwa chama kile, nikapima kahawa iliyokuwa ikipokelewa siku hizo. Ilionyesha unyevu wa asilimia 14, na magunia mengine yalizidi. Nitawaonyesheni hesabu yake mbele katika somo hili, nanyi mtaona kilo 236 zilikwenda wapi. Lakini kwanza tujifunze kwa nini shati halikukauka.

2. Kwa nini mlimani kuna baridi

Mtu huweza kuuliza: kama mlima umekwenda juu, je, haukulikaribia jua? Mbona basi kuna baridi? Jibu ni kwamba jua liko mbali mno hata urefu wa mlima wote si kitu mbele yake. Tena, jua haliipashi hewa joto moja kwa moja kwa kiasi kikubwa. Hulipasha joto ardhi, na ardhi ndiyo huipasha hewa iliyo juu yake, kama sufuria ipatavyo moto kutoka chini. Hewa ya chini hubanwa na uzito wa hewa yote iliyo juu yake. Hewa inapopanda mlimani hupungukiwa na uzito huo, hutanuka, na hewa itanukapo hupoa. Kadhalika hewa ya juu ni nyepesi na haba, hivyo haiwezi kulishika joto usiku unapoingia.

Kanuni ya kukumbuka ni hii: kwa kila mita 100 unazopanda, joto hupungua kwa kiasi cha nyuzi 0.6 za Sentigredi; yaani nyuzi 6 kwa kila mita 1,000. Tuchukue mfano. Mji wa Moshi uko kiasi cha mita 800 juu ya usawa wa bahari, na wastani wa joto lake kwa mwaka ni kama nyuzi 23. Kijiji kilicho mita 1,500 kimepanda mita 700 zaidi, basi joto lake litakuwa pungufu kwa nyuzi 4 hivi, yaani kama 19. Kilele cha Kibo kiko mita 5,895. Toa nyuzi 30, na utapata kama nyuzi 7 chini ya kiwango cha maji kuganda. Ndiyo maana pana barafu, ingawa mlima uko digrii 3 tu kusini mwa Ikweta.

Jambo hili lilikuwa gumu kuaminiwa hata na wasomi. Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliuona mlima huu ukiwa na weupe juu yake, na wenyeji wakamweleza kuwa ni baridi. Alipoandika habari hiyo Ulaya, William Desborough Cooley, bingwa wa jiografia huko London ambaye hakuwahi kufika hapa, alikanusha kwa miaka mingi kwamba haiwezekani theluji kuwapo karibu na Ikweta. Aliyekana alikuwa na vitabu vingi. Waliokuwa na haki ni wale walioishi chini ya mlima. Nilipolisoma jambo hili baada ya kisa changu, niliona aibu, maana nami nilikana unyevu wa mlimani nikiwa nimeketi mjini.

3. Mvua ya mlimani hutoka wapi

Upepo utokao Bahari ya Hindi hubeba mvuke mwingi. Ukivuka nyika tambarare hupita na mvuke wake, ndiyo maana nyika huweza kukaa kavu ingawa upepo wa bahari huipitia. Lakini upepo huo ukigonga mlima hauna njia ila kupanda. Ukipanda hupoa kama tulivyoona, na hewa iliyopoa haiwezi kushika mvuke mwingi kama hewa ya joto. Mvuke unaozidi hugeuka matone madogo. Hayo ndiyo ukungu na mawingu, na yakikusanyika ndiyo mvua.

Upepo ukishavuka mlima huteremka upande wa pili. Ukiteremka hubanwa, hupata joto, na mawingu hutoweka. Upande huo hupata mvua chache, nasi huuita kivuli cha mvua. Kwa mlima wetu, miteremko ya kusini na kusini mashariki ndiyo yenye mvua nyingi, hasa wakati wa masika kuanzia Machi hadi Mei. Upande wa kaskazini ni mkavu zaidi, na ng’ambo yake, Amboseli nchini Kenya, ni nyika ya vumbi inayopata maji ya chemchemi zitokanazo na mlima huu huu kwa njia ya chini ya ardhi.

Tena mvua haizidi tu kadiri unavyopanda. Mjini Moshi hunyesha kiasi cha milimita 900 kwa mwaka. Katika vihamba hupatikana kati ya milimita 1,200 na 2,000. Msituni, yapata mita 2,100, huweza kukaribia milimita 3,000. Kutoka hapo hupungua tena, na kileleni haifiki hata milimita 200 kwa mwaka, kwa kuwa hewa imekwisha kumwaga mvuke wake njiani. Kwa hiyo kilele cha Kibo ni jangwa, ijapokuwa ni jangwa la baridi.

4. Ngazi za mlima

Kwa sababu ya joto na mvua kubadilika, mlima umegawanyika kama ngazi, na kila ngazi ina mimea na kazi zake.

(a) Nyika ya chini, pungufu ya mita 1,000 hivi. Ni mahali pa joto na mvua chache. Hapa ndipo wengi wetu wana mashamba ya mahindi, maharage na alizeti.

(b) Ukanda wa vihamba, kuanzia mita 1,000 hadi 1,800. Hapa migomba, kahawa na miti ya kivuli kama mringaringa huishi pamoja, na mifongo ya wazee wetu hupitisha maji kutoka kwenye makorongo.

(c) Msitu, kuanzia kama mita 1,800 hadi karibu 3,000. Tangu mwaka 2005 msitu huu umeingizwa ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro.

(d) Nyasi na vichaka vya juu, hadi karibu mita 4,000.

(e) Jangwa la mawe na mchanga, na mwisho barafu ya Kibo.

Mlima wenyewe ni volkano yenye vilele vitatu: Shira ulio wa zamani na uliokwisha kulika, Mawenzi wenye mita 5,149, na Kibo. Udongo wa volkano una rutuba, lakini mteremko wake huchukuliwa kwa urahisi na maji usipofunikwa.

Msidhani kanuni hizi ni za mlima mmoja tu. Mlima Meru una Arusha yenye migomba na kahawa upande wa kusini, na Ngare Nanyuki iliyo kavu upande wa kaskazini. Mlima Kenya una Embu na Meru zenye mvua upande wa mashariki na kusini mashariki, na nchi kavu ya Isiolo upande wa kaskazini. Mji wa Same ni mkavu kwa kuwa umekaa katika kivuli cha mvua cha Milima ya Pare. Milima ya Pare, Usambara na Uluguru haikutokana na volkano. Ni miamba ya kale sana iliyoinuliwa, lakini hupoza hewa na kukamua mvua kwa njia ile ile.

5. Upepo wa mchana na upepo wa usiku

Mbali na upepo wa bahari, mlima una upepo wake wenyewe. Mchana jua huupasha joto mteremko, hewa iliyo juu yake huwa nyepesi na kupanda, ikichukua mvuke wa mashamba na misitu. Ndiyo maana mara nyingi asubuhi huwa nyeupe na alasiri huwa na mawingu. Usiku mteremko hupoa, hewa ya baridi huwa nzito na kutiririka kuelekea mabondeni kama maji. Katika nyanda za juu kusini, kama Njombe na Kitulo, hewa hiyo hutuama mabondeni mwezi wa Juni na Julai na kuleta jalidi iunguzayo mimea.

Mwanikaji wa kahawa ajifunze hapa mambo matatu. Kwanza, vichanja visijengwe bondeni wala kivulini; vijengwe mahali palipoinuka penye kupitisha upepo. Pili, kahawa ifunuliwe mapema jua litokapo na ifunikwe kabla mawingu ya alasiri hayajashuka. Tatu, usiku ifunikwe daima, maana umande wa usiku mmoja huweza kurudisha kazi ya siku nzima.

6. Jinsi mambo haya yaingiavyo katika kazi ya chama

Kwanza, wakati wa mavuno. Penye joto buni huiva upesi. Penye baridi hukawia. Katika mteremko wetu vyama vya chini huanza kuchuma mwezi Julai au Agosti, wakati wa kiangazi. Vyama vya juu huendelea mpaka Novemba na Desemba, wakati wa mvua za vuli. Hivyo mwanachama wa chini hukausha kahawa yake juani, na mwenzake wa juu hukausha yake ukunguni. Yule wa juu hana uvivu. Kalenda ya mlima ndiyo iliyompangia hivyo. Chama Kikuu kikipanga tarehe moja ya kufunga mapokezi kwa vyama vyote, wa juu wataleta kahawa mbichi kwa kuogopa kuachwa. Katibu wa chama cha juu na aseme jambo hili mapema katika mkutano, kabla ratiba ya magari haijapitishwa.

Pili, uchachushaji. Baada ya kumenya, kahawa hulazwa ili ute uachane nayo. Chini penye joto kazi hiyo huisha kwa saa 12 hadi 24. Juu penye baridi yaweza kupita saa 36. Asitazamwe mwenye saa, ipimwe kahawa yenyewe: ikisuguliwa mkononi na kukwaruza kama changarawe, bila utelezi, iko tayari kuoshwa.

Tatu, magonjwa. Chulebuni hustawi penye baridi na unyevu, kwa hiyo huvisumbua zaidi vyama vya juu. Kutu ya majani hupenda joto, nayo huvisumbua zaidi vyama vya chini. Pembejeo zikigawanywa kwa usawa wa magunia bila kutazama urefu wa mahali, wengine watapata dawa wasiyoihitaji na wengine watakosa ile waihitajiyo. Kamati iagize kwa kuangalia ukanda. Miche yenye kustahimili magonjwa yote mawili imetolewa na watafiti wa kahawa wa Lyamungo, nayo ni heri kuliko dawa kwa mwanachama mwenye fedha kidogo.

Nne, faida ya baridi. Msidhani juu kuna hasara tupu. Buni iivayo polepole huwa nzito, ngumu na yenye ladha nzuri, na wanunuzi huitafuta. Chama cha juu kikikausha vema kina haki ya kudai daraja lake. Kikiiacha ipate kuvu, kimetupa zawadi ya mlima.

7. Hesabu ya unyevu

Sasa turudi kwenye kilo 236. Kahawa ni vitu viwili: maji na kitu kikavu. Maji huweza kuondoka. Kitu kikavu hubaki. Kahawa iliyokauka vema ina unyevu wa asilimia 11 hivi.

Chama kilipokea kilo 7,400 zenye unyevu wa asilimia 14. Kwa hiyo kitu kikavu kilikuwa asilimia 86:
7,400 × 0.86 = kilo 6,364.

Magunia yakateremshwa mjini, yakakaa wiki kadhaa katika ghala lenye joto kabla ya kupimwa. Yakakauka mpaka kukaribia asilimia 11. Sasa kitu kikavu ni asilimia 89 ya uzito mpya:
6,364 ÷ 0.89 = kilo 7,150 na nusu.

Tofauti ni:
7,400 – 7,150.5 = kilo 249.5.

Yaani kwa unyevu tu, kilo 249 zingeweza kupotea bila mkono wa mtu kugusa gunia. Upungufu uliomfukuzisha katibu ulikuwa 236. Kilo zile zilikwenda hewani. Chama cha chini hakikuwa na upungufu kwa sababu kilipokea kahawa iliyokaushwa kwa jua la kiangazi, ikiwa tayari na asilimia 11.

Kwa kukisia upesi, kumbukeni hivi: kila asilimia moja ya unyevu ikipungua, kilo 1,000 hupungukiwa na kilo 11 hivi.

Niliandika taarifa ya pili kuisahihisha ya kwanza, nikaisoma mwenyewe mbele ya mkutano mkuu. Wanachama walikubali katibu arudishiwe fedha alizokuwa amelipa. Alirudishiwa. Alipoombwa arejee kazini, alishukuru, akakataa. Ng’ombe aliyeuzwa hakurudi.

Hata hivyo nisieleweke vibaya. Sisemi kila upungufu ni ukungu. Mwizi naye husoma magazeti, na akisoma somo hili huenda akaona amepata kisingizio. Ndiyo maana dawa si kusamehe kila upungufu, bali kupima. Yapasa kila chama kiwe na kipima unyevu, au viwili vitatu vishirikiane kununua kimoja, na daftari la mapokezi liwe na safu ya unyevu karibu na safu ya kilo. Kahawa inayozidi asilimia 12 na nusu irudishwe kichanjani kabla ya kupimwa, wala isiingizwe ghalani ikachafua ya wengine. Kufanya hivyo ni haki pia kwa wanachama, kwani anayeleta kahawa mbichi huuza maji kwa bei ya kahawa, na wenzake waliokausha vema ndio humlipia. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nami naongeza: daftari lisilo na unyevu huweza kumpoteza mtu asiye na hatia.

8. Chama na kipima mvua

Chombo cha pili nikipendekezacho ni kipima mvua. Bei yake si kubwa. Kisimikwe mahali pa wazi, mbali na miti na mapaa, na kisomwe kila siku saa 3 asubuhi na mtu yule yule. Milimita zilizopatikana ziandikwe katika daftari, na siku isiyo na mvua iandikwe sifuri, isiachwe wazi. Mvua ya milimita 1 ni sawa na lita 1 ya maji katika kila mita moja ya mraba.

Baada ya miaka mitano chama kitakuwa na hazina. Kamati itaweza kuona vuli huanza lini hasa, si kwa kumbukumbu za barazani bali kwa maandishi. Chama kikiomba kuahirishiwa mkopo kwa sababu ya ukame, kitakuwa na ushahidi mkononi. Mvua ya kijiji kimoja si ya kingine. Baina ya makorongo mawili huweza kuwa na tofauti kubwa, na kituo cha mjini hakiwezi kusema kwa niaba ya mteremko mzima.

9. Barafu, msitu na maji yetu

Watu wengi husema maji ya mifongo hutoka kwenye barafu ya Kibo, na kwamba barafu ikiisha mito itakauka. Ni kweli kwamba barafu inakwisha: kati ya mwaka 1912 na 2007 asilimia 85 ya eneo lililofunikwa na barafu ilitoweka. Lakini barafu hiyo ni kidogo mno, na sehemu yake kubwa hupotea hewani kwa jua bila hata kuwa maji ya mto. Maji yetu, karibu yote, hutoka msituni. Huko ndiko mvua kubwa inyeshako. Huko majani na mizizi hushika hata ukungu na kuyaachia maji polepole ardhini, yakatokea chini kama chemchemi. Mito hii huingia katika bwawa la Nyumba ya Mungu na kuendelea na Mto Pangani mpaka baharini. Basi anayelinda chemchemi kijijini mwetu anawalinda na wale wa mbali asiowajua.

Kwa hiyo la kutuhuzunisha zaidi si weupe wa kileleni bali moto msituni na katika vichaka vya juu, kama ule wa Oktoba 2020. Moto ukishausogeza chini mpaka wa msitu, chujio la ukungu limepungua. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 za vyanzo vya maji. Vyama vyetu viisaidie serikali ya kijiji kuitekeleza sheria hiyo.

Joto nalo linapanda. Uchunguzi wa kahawa ya Tanzania uliotolewa mwaka 2015 ulionyesha kuwa joto la usiku ndilo linaloidhuru zaidi: kila usiku ukizidi joto kwa nyuzi 1, mavuno ya hekta moja hupungua kwa kiasi cha kilo 137 kwa mwaka. Wengine hudhani watapanda juu zaidi kutafuta baridi. Lakini juu ya kihamba ni msitu, na juu ya msitu hakuna udongo wa kahawa. Mlima hauna ngazi nyingine ya kutupa. Lililo mikononi mwetu ni kuipanda tena miti ya kivuli tuliyoikata, kufunika udongo kwa majani, kuitunza migomba, na kurekebisha mifongo inayovuja.

Wala tusisahau kuwa mteremko ulioachwa uchi ni hatari kwa uhai. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe yalishuka kutoka Mlima Hanang baada ya mvua kubwa, na watu zaidi ya 80 walikufa katika mji wa Katesh na vijiji vya jirani. Maghala ya vyama yasijengwe kwenye mkondo wa korongo, hata kama korongo limekaa kavu miaka mingi.

10. Hitimisho

Ndugu zangu, mkaguzi huja mara moja kwa mwaka, tena kwa saa chache. Katibu na wanachama ndio waishio katika ukungu na jua la mahali pao. Mkijua sababu za mambo na kuziandika katika daftari, hamtakuwa na haja ya kunyamaza mbele ya mtu yeyote mwenye kalamu. Katibu yule alikuwa na haki, lakini hakuwa na tarakimu ya kuitetea haki yake, nami sikuwa na elimu ya kumuuliza swali lililo sawa. Tusirudie kosa hilo, yeye wala mimi.

Maswali ya majadiliano katika vikundi

1. Chama A kiko mita 1,150 na Chama B kiko mita 1,650. Tofauti ya joto lao ni nyuzi ngapi? Ni kipi kitatangulia kuchuma, na kipi kitaogopa zaidi chulebuni?

2. Chama kimepokea kilo 5,000 zenye unyevu wa asilimia 13. Kiwandani zilipimwa zikiwa na asilimia 11. Uzito uliotarajiwa ni kilo ngapi? Kama mizani ilionyesha kilo 4,700, je, unyevu peke yake unatosha kueleza upungufu huo?

3. Taja chemchemi zilizopo katika eneo la chama chako. Je, mita 60 kuzizunguka zinaheshimiwa?

4. Nani katika chama chako atakabidhiwa kusoma kipima mvua, na nani atamsaidia asipokuwapo?

Majibu ya swali la 1 na la 2: (1) Nyuzi 3. Chama A kitatangulia kuchuma. Chama B kitaogopa zaidi chulebuni. (2) Kitu kikavu ni kilo 4,350. Uzito uliotarajiwa ni kilo 4,888 hivi, yaani upungufu wa kilo 112. Upungufu wa kilo 300 umezidi kwa kilo 188, nazo hazielezwi na unyevu. Hapo kamati ina wajibu wa kuuliza, na katibu ana wajibu wa kujibu.